Tubaki na ext4 au tuhamie Btrfs? Jibu kwa anayepaswa kuamua

*"Sisi ni watu sita tunaotengeneza mfumo endeshi huria wenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, kwa ajili ya kompyuta za mezani na za mpakato za watu wa kawaida. Tangu toleo la kwanza mfumo wetu wa mafaili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski, ni ext4. Sasa wawili wetu wanataka toleo lijalo lije na Btrfs kama chaguo-msingi, kwa sababu malalamiko makubwa tunayopokea ni sasisho kuharibika katikati na kompyuta kukataa kuwaka. Mmoja anasema kama ni kuhama, tuhamie ZFS moja kwa moja. Mwingine amepima kasi, ext4 imeshinda, na kwake mjadala umekwisha. Mimi ndiye ninayepaswa kuamua, na ninaogopa kitu kimoja: mtu apoteze mafaili yake kwa sababu ya uamuzi wangu. Hakuna kati yetu aliyewahi kufufua diski ya Btrfs iliyoharibika. Nimesikia pia kwamba ext4 ina daftari la kumbukumbu, kwa hiyo umeme ukikatika hakuna kinachopotea. Ni kweli? Na wewe ungechagua nini?"*

Una haki ya kuogopa, na ningependa kila anayeamua jambo hili aogope kama wewe. Mtu anayesakinisha mfumo wenu akifika kwenye ukurasa wa kugawa diski hubonyeza "Endelea" na kusonga mbele. Hajui kama kuna ext4 wala Btrfs, na hana sababu ya kujua. Wewe ndiye umemchagulia. Siku kompyuta yake itakapokataa kuwaka, ataandika kwenu akiuliza picha za watoto wake ziko wapi, na mmoja wenu ndiye atakayekaa chini kumjibu. Mimi nalipima swali lako kwa siku hiyo: kitakuwa kimeharibika nini, mtu atajuaje kwamba kimeharibika, na nyinyi mtaweza kumsaidia kiasi gani.

Nikupe jibu kabla ya maelezo, ili usome ukijua ninakoelekea. Katika toleo lijalo ningebaki na ext4 kama chaguo-msingi, ningeweka Btrfs kama chaguo la wazi kwenye programu ya kusakinisha, na ningeanza leo kazi ya kuwaandaa kuhama katika toleo linalofuata. Wenzako wawili wanaotaka Btrfs ndio wenye hoja nzito kuliko wote mezani hapo. Ile sentensi yako kwamba hakuna kati yenu aliyewahi kufufua diski yake ndiyo inayonizuia.

Sasa hilo la daftari. Ulichosikia ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watu.

Kuhifadhi faili moja kunagusa sehemu kadhaa za diski. Kuna bloku, yaani vipande vidogo vya diski, zenye maneno yenyewe. Kuna inodi, ambayo ni kama kadi ya faili: ukubwa wake, mwenye nalo, saa lilipobadilishwa, bloku zake ziko wapi. Kuna ramani inayoonyesha bloku zipi ziko huru na zipi zina mwenyewe. Kuna folda inayobeba jina. Diski haiwezi kuandika vyote hivi kwa pigo moja. Umeme ukikatika katikati, ramani inaweza kudai bloku fulani iko huru wakati kadi ya faili inadai ni yake, na faili linalofuata likaandikwa juu ya lile la kwanza. Enzi za ext2, iliyotoka mwaka 1993, dawa ilikuwa kukagua diski nzima kompyuta inapowashwa tena, na kwenye diski kubwa mtu alisubiri kweli kweli. ext3 ilipoingia kwenye kerneli mwaka 2001 ilileta daftari. Kabla ya kugusa kadi na ramani, mfumo unaandika pembeni kwamba unakusudia kubadilisha hiki, hiki na hiki, unatia muhuri, ndipo unabadilisha. Umeme ukirudi, unasoma daftari: lenye muhuri linakamilishwa, lisilo na muhuri linatupwa. Sekunde chache, kazi imekwisha. ext4, iliyotangazwa kuwa imara mwishoni mwa 2008, imerithi utaratibu huo.

Lakini katika hali ya kawaida kinachoingia kwenye daftari ni kadi, ramani na majina. Maneno ya barua yako hayamo. Daftari linakuhakikishia kwamba muundo wa diski hautajipinga wenyewe. Aya uliyoandika nusu dakika iliyopita haina dhamana yoyote humo. Ipo namna ya kuingiza na data yenyewe, kwa kuweka data=journal, ila kila kitu kinaandikwa mara mbili, na kwa kompyuta ya matumizi ya kila siku siipendekezi.

Jambo hili liliwahi kuwaumiza watu. Mapema mwaka 2009, ext4 ilipoanza kusambaa, baadhi ya watumiaji walikuta mafaili ya mipangilio yao yana ukubwa wa sifuri baada ya kompyuta kuzimika ghafla. Tazama kwa karibu kilichotokea. Programu inataka kubadilisha faili la mipangilio. Inaandika toleo jipya kwenye faili la muda, kisha inalipa jina la lile la zamani, ili usiwepo wakati ambapo jina hilo halina kitu. Utaratibu mzuri. Kwenye ext3, data ilisukumwa kwenye diski kabla ya muhuri kupigwa, na muhuri ulipigwa kila baada ya sekunde tano hivi. ext4 ilileta mbinu ya kuchelewesha kuchagua bloku, ambayo huongeza kasi na kupunguza mafaili kukatwakatwa vipande. Matokeo yake badiliko la jina lilifika kwenye diski mapema, na data ikabaki kwenye RAM kwa muda mrefu zaidi. Umeme ukikatika katika mwanya huo, jina lipo, kadi ipo, ukubwa ni sifuri, na lile la zamani limekwenda. Muundo wa diski ulikuwa safi. Programu ya ukaguzi, e2fsck, haikuwa na kosa la kuonyesha. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kwamba kwa kanuni programu ilipaswa kuita fsync, amri ya kusukuma data hadi kwenye diski, kabla ya kubadilisha jina. Alikuwa sahihi, na bado akaweka kinga: tangu kerneli 2.6.30, ext4 ikiona faili linachukua nafasi ya jingine kwa njia hiyo, inasukuma data kwanza.

Nimelisimulia kwa urefu kwa sababu linahusu kazi yenu moja kwa moja. Usalama wa mafaili unajengwa na mfumo wa mafaili pamoja na programu zinazoutumia. Kagueni programu mlizoandika wenyewe, hasa ya mipangilio na ya sasisho, kama zinaita fsync mahali panapotakiwa. Kazi hiyo itawafaa mtakapochagua mfumo wowote.

Btrfs inakwenda njia nyingine. Ilitangazwa mwaka 2007 na Chris Mason akiwa Oracle, ikaingia kwenye kerneli mwaka 2009. Ina kanuni moja inayozaa karibu kila sifa unayosikia: haiandiki juu ya kilichopo. Ukibadilisha mstari mmoja wa barua, bloku mpya inaandikwa kando, mahali palipo wazi. Kadi iliyokuwa ikielekeza kwenye bloku ya zamani nayo inaandikwa upya kando, na kilichokuwa kikielekeza kwenye kadi hiyo vilevile, ngazi kwa ngazi hadi kwenye shina la mti. Mwisho kabisa kinabadilishwa kitu kimoja kidogo, alama inayosema shina liko wapi. Umeme ukikatika kabla ya alama kubadilika, diski inaonyesha mti wa zamani ukiwa mzima. Ukikatika baadaye, inaonyesha mpya ukiwa mzima.

Ukishaelewa hapo, picha za mfumo (snapshot), yaani hali ya mafaili yote kama ilivyokuwa saa fulani, hazina fumbo tena. Kama mti wa zamani haufutwi papo hapo, basi kuutunza ni kuamua tu usifutwe. Ndiyo maana picha hupigwa kufumba na kufumbua, na mwanzoni haichukui nafasi ya maana. Inakula nafasi kadiri mafaili ya sasa yanavyoachana na yale ya siku ilipopigwa.

Tena Btrfs huhesabu namba ya uhakiki (checksum), inayofichua data ikiharibika, kwa kila bloku ya data na kuihifadhi kando na bloku yenyewe. Sifa hii ndiyo iliyonivuta mimi. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuokoa folda ya picha za familia kutoka kwenye diski iliyokuwa ikizeeka, yenye ext4. Hakuna onyo lililotokea. Kila faili lilinakilika bila kulalamika. Nilipozifungua, kadhaa zilikuwa nzima hadi katikati, kisha nusu ya chini ikawa kijivu kitupu. Nikaenda kwenye nakala rudufu: picha zile zile, kijivu kile kile. Programu ya bakapu ilikuwa imenakili kwa uaminifu kila ilichopewa na diski, wiki baada ya wiki, mpaka nakala za mwisho zilizokuwa nzima zikafika zamu yake ya kufutwa. ext4 ina namba za uhakiki kwa kadi na ramani zake tangu kerneli 3.5 ya mwaka 2012, lakini data yenyewe haina ulinzi huo. Btrfs ingekataa kulisoma faili lile na kuandika kosa kwenye kumbukumbu za mfumo. Kwenye diski moja isingeweza kulitengeneza, maana data ina nakala moja tu. Ila bakapu ingeshindwa mbele ya macho ya mtu, wakati nakala nzima bado ipo.

Sasa gharama, na wenzako waziseme kwa sauti ile ile wanayosifia picha.

Mpango wote wa Btrfs unasimama juu ya mpangilio: bloku mpya zifike kwanza, alama ifuate. Kerneli inaiambia diski "mwaga kila kilichomo kwenye kache yako", diski inajibu "tayari", ndipo alama inaandikwa. Zipo diski ambazo programu yake ya ndani ina kasoro: zinajibu "tayari" kabla kazi haijafanyika. Umeme ukikatika hapo, alama inaelekeza kwenye mti ambao haupo. Mtumiaji anaona maneno "parent transid verify failed" na diski yote inakataa kufunguka. Diski hiyo hiyo ikiwa na ext4 nayo itaumia, lakini mara nyingi e2fsck itaziba hapa na pale, itatupa vipande kwenye folda ya lost+found, na kompyuta itawaka. Kwa mtu wa kawaida tofauti hiyo ni kubwa: huku amepoteza mafaili machache, kule anaamini amepoteza yote.

Nasema "anaamini" kwa makusudi. Mara nyingi mafaili bado yapo, na zipo njia za kuyafikia: kufungua diski kwa kusoma tu ukitumia shina la akiba, au kuyatoa kwa btrfs restore kwenda diski nyingine. Hatari ni kwamba mtu aliyezoea e2fsck, akiwa na hofu, atakimbilia btrfs check --repair, amri ambayo nyaraka za Btrfs zenyewe zinakuonya usiitumie mpaka uwe umeshauriwa na mtu anayejua, kwa sababu inaweza kuzidisha uharibifu. Timu yenye mtu mmoja anayeujua mfuatano huu itaokoa mafaili ya watu wengi. Timu isiyo naye itawapa ushauri wa kuyamalizia.

Gharama nyingine ni mafaili yanayoandikwa upya ndani kwa ndani bila kukoma, kama hifadhidata kubwa na diski za mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine). Kila badiliko linaandikwa kando, na faili linaishia kuwa maelfu ya vipande. Dawa ni kuweka chattr +C, inayozima kuandika kando, kwenye folda kabla mafaili hayajaumbwa ndani yake, ila ujue kwamba hapo umezima pia namba za uhakiki na ubanaji (kuipunguza data ili ichukue nafasi ndogo) kwa mafaili hayo. Na diski ikijaa pomoni Btrfs hupata tabu kwa namna yake, kwa kuwa hata kufuta kunahitaji kuandika kitu kando kwanza. Mtu anafuta filamu kubwa, nafasi hairudi, kumbe kuna picha ya zamani inayoishikilia. Kwa haki niseme ext4 nayo ina mtego wake: idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoandaliwa, kwa kawaida moja kwa kila kilobaiti 16, na zikiisha mtu anaambiwa hakuna nafasi huku gigabaiti zimelala wazi. Nimewaona watu wakisakinisha upya mfumo mzima kwa tatizo ambalo df -i ingelionyesha mara moja.

Mwenzako aliyepima kasi nisingebishana na namba zake. Kwenye kuandika huku na huku ndani ya faili kubwa, ext4 kuwa mbele ndicho ningetarajia. Lakini mtumiaji wenu anafungua kivinjari, anaandika barua, anatazama picha. Hapo tofauti haisikiki. Kama mnataka kipimo kinachomgusa, pimeni muda wa kuwaka, muda wa kusakinisha sasisho kubwa, na nafasi inayobaki baada ya mwezi wa matumizi. Kwenye hiki cha mwisho Btrfs inaweza kuwashangaza kwa sababu ya ubanaji. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, iliwasha mbinu ya ubanaji iitwayo zstd ya kiwango cha kwanza katika toleo la 34, mwaka 2021, na kwa mafaili ya mfumo, ambayo mengi hubanika vizuri, mtu anapata nafasi na diski inaandikwa kidogo zaidi.

ZFS naiheshimu sana. Ilizaliwa Sun Microsystems, na mengi ninayosifia kwenye Btrfs ilikuwa nayo kwanza. Mngekuwa mnajenga juu ya FreeBSD, mfumo endeshi mwingine huria, ambako ZFS imo ndani ya mfumo tangu toleo la 7.0 la mwaka 2008, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa. Juu ya Linux, leseni yake ya CDDL haipatani na GPL ya kerneli kwa maoni ya wengi, kwa hiyo inaishi nje, na kila kerneli mpya inahitaji moduli (kipande cha programu kinachoingizwa kwenye kerneli) ya ZFS inayolingana nayo. Siku moduli hiyo ikichelewa, kompyuta ya mtumiaji haioni diski yake yenyewe. Ubuntu husambaza moduli hiyo tangu toleo la 16.04, lakini nyuma yao ipo kampuni yenye wanasheria. Nyinyi mko sita. Kama mwenzako bado anaing'ang'ania, hili la leseni msilimalize kwa kusoma mabishano ya watu. Ketini na mwanasheria anayejua leseni za programu huria, ana kwa ana, kabla ya kusambaza chochote.

XFS, mfumo mwingine wa mafaili, haukuitaja, nami nitapita haraka. Ni imara, ilianzia SGI miaka ya 1990, na tangu 2014 ndiyo chaguo-msingi la Red Hat Enterprise Linux. Kwa seva zenye mafaili makubwa ningeichukua bila kusita. Kwa kompyuta ya mtu anayegawana diski kati ya mifumo miwili na kesho anataka kupunguza patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa), haifai, kwa sababu unaweza kuikuza lakini huwezi kuipunguza kwa njia ya kawaida.

Kuna jambo ambalo halionekani kwenye jedwali lolote la sifa: nani anaitunza. ReiserFS, mfumo mwingine wa mafaili, iliwahi kuwa chaguo-msingi la SUSE, mfumo mwingine wa Linux, ikasifiwa kwa kasi yake kwenye mafaili madogo. Mwaka 2006 SUSE ikarudi kwenye ext3, miaka ikapita bila watunzaji wa kutosha, na kerneli 6.13 ya Januari 2025 ikaiondoa kabisa. bcachefs, nayo mfumo wa mafaili, iliingia kwenye kerneli 6.7 mwanzoni mwa 2024 kwa matumaini makubwa, na kufikia 6.18, mwishoni mwa 2025, ilikuwa imeondolewa kufuatia mvutano kuhusu namna ya kuwasilisha mabadiliko. Msimbo wake haukuwa mbovu ghafla. Na Btrfs yenyewe: Red Hat, yenye wahandisi wengi wa XFS, ilitangaza mwaka 2017 kuiacha, na ikaiondoa kwenye toleo la 8 la mfumo wake. Wakati huo huo SUSE ilikuwa imeshaiweka kwenye patisheni ya mfumo tangu 2014, na Fedora ikaifanya chaguo-msingi kwa kompyuta za mezani katika toleo la 33, Oktoba 2020. Miongoni mwa walioleta pendekezo la Fedora alikuwamo Josef Bacik, mmoja wa waandishi wakuu wa Btrfs. Ukitazama hivyo utaona kwamba hawa waliokwenda njia tofauti walijibu swali lile lile kwa uaminifu: tuna watu wa kuitunza? Nyinyi nanyi mjibu hivyo hivyo.

Nirudi kwenye malalamiko yenu, maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Sasisho likikatika katikati, picha iliyopigwa kabla yake inamwezesha mtu kuwasha kompyuta kama ilivyokuwa jana. Kwa mtu asiye na fundi karibu hiyo ni nafuu kubwa, na ningependa watumiaji wenu waipate. Ila kuweka Btrfs hakukupi uwezo huo. Unajengwa, na una mitego.

Mtego wa kwanza ni /boot, folda inakokaa kerneli. Mkiiweka kwenye patisheni yake ya ext4, kama wengi wanavyofanya, kerneli haimo kwenye picha. Mtu anarudisha mfumo wa jana, unakutana na kerneli ya leo ambayo moduli zake hazipo, na kompyuta haiwaki. Mtego wa pili ni /home, folda ya mafaili ya mtumiaji: isipotengwa kwenye kijisehemu chake (subvolume), kinachopigwa picha peke yake, kurudisha mfumo wa Jumatatu kutarudisha na barua za Jumatatu, na hapo ile hofu yako itatimia kwa mikono yenu wenyewe. Wa tatu ni mjanja zaidi. Mkitenga /var ili kumbukumbu za mfumo zisirudishwe nyuma, na kama mnatumia dpkg, programu ya kusimamia vifurushi vya programu, hifadhidata yake iko /var/lib/dpkg. Mtu anarudisha /usr (folda ya programu) ya jana, lakini hifadhidata ya leo inaapa kwamba vifurushi vipya vimo. Sasisho linalofuata linajengwa juu ya uongo huo. Mifumo inayotumia rpm badala ya dpkg ilishakutana na hili, ndiyo maana openSUSE na Fedora zilihamishia hifadhidata hiyo /usr/lib/sysimage/rpm, ili isafiri pamoja na mafaili inayoyaelezea. Hata faili la swapu, linaloisaidia RAM ikijaa, linahitaji kijisehemu chake, kwa sababu penye swapu inayotumika hapapigwi picha.

Kabla ya kufika huko, chunguzeni kwa nini sasisho zinakatika. Mara nyingi ninapoulizwa nakuta /boot imejaa kerneli za zamani, au vifurushi vinapakuliwa huku vikisakinishwa na mtandao ukatoweka, au mtu amefunga kifuniko cha kompyuta katikati. Pakueni vyote kwanza, hakikisheni nafasi inatosha, sakinisheni wakati wa kuwasha upya kabla programu nyingine hazijaanza. Haya mnaweza kuyafanya kwenye ext4 mwezi huu, na sehemu nzuri ya malalamiko itapungua kabla hamjagusa mfumo wa mafaili.

Wale wawili wanaotaka Btrfs wapewe kazi kwa uzito wake. Waendeshe Btrfs kwenye kompyuta zao wenyewe za kila siku. Waharibu diski kwa makusudi, waandike juu ya bloku zake, kisha waokoe mafaili na kuandika mwongozo ambao ninyi wengine wanne mtaufuata bila kuwauliza. Wajaze diski mpaka tone la mwisho, waone kama mtu bado anaweza kuingia na kufuta. Wakate umeme katikati ya sasisho, tena na tena, kwenye mashine halisi zenye diski za bei ya chini. Kuua mashine pepe hakutoshi, kwa kuwa mara nyingi data iliyokwisha kukabidhiwa kompyuta mwenyeji inabaki salama, na jaribio linaonekana zuri kuliko ukweli. Kama mnaweza kumpata mtu aliyewahi kufanya kazi hii kwenye mradi mwingine akaketi nanyi siku mbili, msimkose. Mwongozo ule ukifanya kazi mikononi mwa mtu asiyeuandika, na kurudi nyuma kukafaulu kwenye majaribio yote, mimi ningepiga kura ya kuhama.

Siku mkihama, mabadiliko yawaguse wanaosakinisha upya tu. Ipo btrfs-convert inayogeuza ext4 ikiwa na mafaili ndani yake, na huwa inafanya kazi, lakini msiiendeshe kwa niaba ya mtu ambaye hakuomba na hana nakala rudufu.

Na kwenye ukurasa wenu wa msaada, juu kabisa, kabla ya amri yoyote, wekeni maneno haya hata mkibaki na ext4 milele: kama diski inatoa sauti ya kugonga, au kumbukumbu za mfumo zimejaa makosa ya kusoma, zima kompyuta. Usiendeshe programu ya kutengeneza. Mafaili yakiwa na thamani kubwa, mpelekee diski mtaalamu wa kuokoa data ikiwa bado imezimwa. Kama unajaribu mwenyewe, nakili diski yote kwanza kwa ddrescue kwenda diski nyingine nzima, na ufanye kila jaribio juu ya nakala hiyo.